Waingereza Washuka Kisumu Ndogo

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Mchungaji Ndinda amekubali! Jumapili, Sikukuu ya Mavuno, kanisa letu la hapa Kisumu Ndogo, Malindi, litaonyesha mchezo wangu: Waingereza waliovuka bahari mwaka 1620 kwenda Amerika kutafuta pa kuabudia. Mwandishi, mimi. Nahodha, mimi. Atakayewafurahisha washirika ndiye mwenyekiti wa maigizo mwaka ujao. Kiti hicho nimekikalia miaka sita. Sasa Mwaringa anakitaka. Mkulima tu kutoka Ganze, na watu wanampenda sijui kwa lipi.

Jumanne, 19 Novemba
Dawa ya Mwaringa nimeipata. Atakuwa mwenyeji wa Amerika. Anatokea mwishoni, anasema "Karibuni sana", anatufundisha kupanda mahindi. Basi! Nimemwambia ni nafasi ya heshima. Akauliza huyo mwenyeji ana watoto wangapi, na shamba ni la nani. Nikamjibu hayo hayamo mchezoni. Akainua jembe lake, akaenda zake. Akiondoka mtu, ameshindwa.

Jumatano, 20 Novemba
Mazoezi. Waingereza walikaa baharini siku sitini na kitu, kwa hiyo nimepanga abiria juu ya mabenchi na kuwatikisa. Whitney, mmoja wa abiria, katapika kweli. Sanaa hiyo! Nikamwomba arudie Jumapili. Kaniambia nikajitapikie mwenyewe.

Alhamisi, 21 Novemba
Kitabu cha historia kinasema wenyeji waliwafundisha wageni kufukia samaki shimoni pamoja na mbegu, wawe mbolea. Nimenunua samaki wa kweli, nikawaficha stoo ya kanisa chini ya majoho ya kwaya. Mke wangu Idah anauliza kwa nini nisinunue Jumapili asubuhi. Idah hajui maandalizi.

Jumamosi, 23 Novemba
Kwaya imewagundua samaki. Charity, kiongozi wao, hasemi nami. Samaki wamefukiwa nyuma ya choo, bila mbegu.
Halafu pigo! Nusu ya waigizaji wamekwenda matangani Mariakani. Sikutetereka. Baridi ya mwaka wa kwanza huko Amerika iliua karibu nusu ya Waingereza. Historia iko upande wangu.

Jumapili, 24 Novemba
Kanisa limejaa hadi mlangoni. Tumevuka bahari salama, abiria wanne. Nikashuka benchi, nikapiga goti, nikasimika bendera (kitambaa cha meza cha Idah), nikatangaza kuwa nchi hii sasa ni yetu.
Mwaringa akatokea, jembe begani. Nikangoja "Karibuni sana". Wapi! Akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa upole kabisa:
"Wageni, mmepiga hodi kwa nani?"
Kanisa likalipuka. Wazee wa nyuma, ambao kila mwaka huja mtu na karatasi kuwaambia shamba la babu zao si lao, walisimama wote. Kitabuni hodi haimo! Nikamnong'oneza afuate maandishi. Akanikazia macho. Watu wakaanza kupaza sauti kwamba turudi melini.
Tukarudi. Nikapiga hodi mara tatu, kwani mara mbili za kwanza alidai hakusikia. Ndipo akatukaribisha, akatupa maji, akatuonyesha kupanda. Vigelegele! Hata Charity alifuta machozi.

Jumatatu, 25 Novemba
Kiti kimekwenda kwa Mwaringa. Mchungaji alinipigia simu kwa ile sauti yake ya msibani. Nimelia. Miaka sita si mchezo.
Idah hakunipa pole. Alinikumbusha tulipofika Malindi kutoka Siaya, hatuna godoro wala sufuria, tukabisha mlango wa kwanza tuliouona. Aliyefungua ni Kadii, mamake Mwaringa. Alitulaza kwake miezi miwili. "Ochola," akasema, "ule mlango uliugonga wewe mwenyewe."
Nimemwambia hayo hayahusiani kabisa na maigizo.
Hata hivyo nimekaa, nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona. Mwakani ninaandika mchezo mpya. Nahodha yuleyule, bendera ileile. Ila safari hii atafika nchi isiyokuwa na watu.