Kigelegele Kilichotimua Ayala

Wasichana wa Voi, leo nimejivua nguo mbele ya watu. (Nguo zilikuwa mwilini, tulieni. Ila heri ningekuwa uchi.)

Nawaandikia tope likiwa bado miguuni, maana nikingoja kesho nitaanza kuipamba hadithi ili nionekane nina akili.

Mnamjua Elisante, yule Mchaga wangu anayesomea wadudu chuoni hapa Birmingham. Mwaka wa pili huu tunakula pamoja kila Jumapili baada ya kanisa, na hajatamka neno. Ametulia kama maji mtungini. Masomo yake yanakwisha Septemba, anarudi Moshi. Nami metroni anataka jibu Jumatatu: nabaki wodini miaka miwili zaidi, au nafunga virago? Jamani, nimjibu nini mimi?

Basi juzi Elisante akaniambia, "Mshai, Jumamosi twende msituni. Nataka uone kitu ambacho nimekipa moyo wangu wote. Profesa wangu naye atakuwepo."

Msikieni! Moyo wote! Na profesa juu! Nikajua papo hapo, huyo ndiye mshenga. Baba yake yuko mbali, kaazima mzee wa huku.

Nikakimbilia kwa Kulwant, muuguzi mwenzangu, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na sasa anakaa Handsworth. Akapiga makofi.

"Huyo ako serious! Lakini sikia, Mshai, huku si kwetu. Mwanaume wa huku anapiga goti. Ukiona goti limefika chini, wewe sema yes haraka. Usimwache huko chini mpaka mgongo umuume."

Leo asubuhi nikavaa gauni la njano na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Ndiyo, raizoni, msituni! Mtu haposwi akiwa na mabuti. Tukapanda basi pale Digbeth, na kabla hatujatoka mjini Elisante akaanza kuongea juu ya mavi.

Sitanii. Mavi ya ayala, wale wanyama wa huku wenye pembe za matawi. Mavi ya sungura. Mavi ya mbweha. Kumbe kuna mbawakawa wanaoishi kwa hayo tu, na kila aina ina chaguo lake.

"Kama wale wetu wanaoviringisha donge?" nikauliza, nionekane nimesoma.

"Hapana, wa msitu huu hawaviringishi. Wengine wanakaa humo humo, wengine wanachimba chini yake na kuyazika." Macho yalimng'aa. Mimi hajawahi kuniangalia hivyo. (Niliumia kidogo, nisiseme uongo.)

Msituni akanionyesha ua wa waya. Ndani ya ua ayala hawaingii. Nje wanatembea watakavyo. Amefukia vikopo pande zote mbili kunasa mbawakawa. Vya ndani vilikuwa karibu vitupu. Vya nje vilikuwa vinachemka wadudu, weusi, wakubwa kwa wadogo.

"Unaona, Mshai? Ukimwondoa ayala, hawa nao wanapungua. Wengine wanatoweka kabisa. Hawawezi kukaa bila yeye."

Watanzania mnawajua, hawaendi moja kwa moja. Nikaelewa mara moja: ayala ni mimi, mbawakawa ni yeye. Machozi yakanilenga. Ni fumbo lenye harufu, lakini ni fumbo.

"Na profesa yuko wapi?" nikauliza.

"Ametangulia. Twende polepole."

Tukafika penye uwazi mdogo katikati ya miti. Elisante akasimama ghafla. Akanishika mkono. Akapiga goti kwenye majani yenye maji.

Goti! Moja! Chini!

"Mshai," akanong'ona, sauti ikimtetemeka, "siku hii nimeingoja tangu baridi ilipokwisha."

Nikafumba macho. (Ningeyafumbua, ningeona kwamba hanitazami mimi. Alikuwa anatazama nyuma yangu.)

"Ndiyo!" nikapaza sauti. "Nimekubali, Elisante! Nimekubali mbele za Mungu!"

Furaha ikanizidi, nikapiga kigelegele. Si kile cha adabu cha kanisani. Kile cha harusi za kwetu, cha kuvuka mlima mpaka wa bondeni wajue kuna bibi harusi.

Nyuma yangu ardhi ikatikisika. Nikageuka. Kundi zima la ayala lilikuwa linatimua mbio. Mmoja alikuwa ameshainua mkia. Akaushusha, akaenda na mali yake.

Halafu vichaka vikasimama. Akatoka profesa, jani kichwani, darubini shingoni. Wakafuata wanafunzi wake. Walikuwa wamelala kifudifudi tangu alfajiri wakingoja ayala ajisaidie, ili wapate mavi mapya kabisa na kuona ni mbawakawa yupi atafika kwanza. Elisante alipiga goti ili asionekane, na mkono alinishika ili nami niiname.

Nilitamani ardhi inimeze. Ikajaribu: kiatu kimoja kilizama mpaka kwenye kifundo.

"Binti amesema nini?" profesa akauliza kwa Kiingereza, kwa upole ule wao unaokata kuliko kisu.

Elisante akaniangalia. Mara ya kwanza leo, kaniangalia mimi. "Amesema amekubali."

"Amekubali nini?"

Elisante akafuta tope gotini.

"Kuolewa na mimi, Profesa. Sikuwa nimemwuliza."

Mwanafunzi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Profesa akavua kofia, akanipa mkono. Akanipongeza! Sikujua nishukuru au nilie, nikafanya yote mawili.

Ndani ya basi tulikaa kama maiti wawili. Nikasema, "Elisante, nisamehe. Sahau nilichosema."

"Nisahau?" Akacheka hadi akafuta machozi. "Miezi mingapi natafuta pa kuanzia, nakosa! Nilileta mavi ili nipate la kuzungumza. Usilirudishe neno lako, Mshai. Leo hii namwandikia baba aende kwenu Taita."

Nikamshika mkono, harufu na yote. Metroni nitamwambia Jumatatu anitafutie mtu mwingine wa hiyo miaka miwili.

Mnafurahi? Ngojeni. Tulipokuwa tunashuka, mpenzi wangu akaniinamia sikioni. Nikajua sasa ndipo linakuja lile neno tamu.

"Jumanne tunawangoja tena ayala," akasema. "Tafadhali, wewe usije."

Haya, nitajieni mwanamke mwingine aliyechumbiwa na kupigwa marufuku siku moja. Na wewe unayewasomea wenzako kwa sauti, acha kucheka, umalize kusoma kwanza.