Gia ya Mlima ya Mudy

Mudy alipomwona Bi Mwanawetu amesimama sokoni Kibiti na magunia mawili ya mchele, akihangaikia usafiri wa kwenda Nyamisati, viganja vilimwasha. Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zilikuwa zimeleta mitumba ya kila namna, naye alikuwa amejipatia baiskeli ya mashindano ya Kijapani, nyembamba kama mgonjwa, akaifunga nyuma gia pana zenye duara kubwa kama sahani ya pilau. Tatizo alilijua yeye na Mola wake: kimkono cha kuvutia cheni kilikuwa kifupi, kimeumbwa kwa gia ndogondogo. Cheni ikikaa kwenye duara kubwa, mambo safi. Ukiishusha kwenye dogo, inalegea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Shikamoo, mama. Dawa ya magunia hayo ninayo."

"Marahaba, mwanangu. Dawa gani hiyo yenye magurudumu?"

"Gia ya mlima! Ukiinunua, punda mwenyewe ataona wivu."

Akapakia magunia, akapanda kilima cha stendi huku akipiga kengele. Watu wakamshangilia. Wenzo wa gia hakuthubutu kuugusa.

"Imenikaa moyoni," akasema Bi Mwanawetu. "Ila fedha sina. Nina redio kaseti kubwa, ya Kijapani, iko Nyamisati kwa mdogo wangu Tatu. Mkabidhi baiskeli na mzigo huu, naye akupe redio."

Mudy akaanza kuisikia taarabu masikioni. Huyoo, akaondoka.

Kilima kikaisha, barabara ikanyooka. Gia ya mlima kwenye tambarare ni adhabu: miguu inazunguka kama feni, baiskeli inatambaa. Ajuza aliyejitwika kuni akampita, kisha akageuka kumuuliza kama anaumwa.

Haya zikamshika. "Nitaigusa kidogo tu," akajiambia, akausukuma wenzo.

Krak! Cheni ikajisokota, kimkono kikavutwa ndani ya spoku, na Mudy akalala mchangani, gunia kifuani.

Angeyatelekeza magunia, lakini redio ilimwita. Akaisukuma baiskeli mchangani, akiwalaani Wajapani wote, mpaka Nyamisati.

Tatu alimpokea kwa vigelegele. "Boti ya kwenda kisiwani Mafia ilikuwa inangoja mchele huu tu!"

"Na redio, dada?"

"Redio gani?"

"Ya Bi Mwanawetu. Tumebadilishana na baiskeli hii."

Tatu akakitazama kile kimkono kinavyoning'inia kama jino bovu, akaketi chini kwa kicheko.

"Dada yangu hajawahi kuwa na redio, maskini. Aliyeleta mzigo uliopita naye alikuja akiulizia cherehani."

Mudy akailaza baiskeli chini, akajifuta mchanga usoni. Akasema, "Basi nipe hata maji ya kunywa."

"Maji yapo, kisima kile pale." Tatu akamkabidhi ndoo mbili. "Na kwa kuwa unakwenda, kaka yangu, nijazie na mtungi wangu."

Mudy akaenda.