Chapati Ndani ya Kiondo cha Mgeni

Jameni, aibu ya leo haina dawa. Nimefika nyumbani sasa hivi kutoka kwa wazazi wa Muchiri, nimekaa kitandani hapa Gitothua na viatu bado miguuni, na kila nikikumbuka najifunika uso na mto. Nawaambia mwenyewe kwa sababu Tata Njeri, shangazi yake Muchiri, atawaambia watu kesho kanisani. Afadhali msikie kwangu.

Kwa wale hawajui: mimi na ngano hatupatani. Si maringo, si dayati, si mambo ya kuiga watu wa Nairobi. Ni ugonjwa, unaitwa siliaki. Nikila chochote cha ngano, hata kipande cha mandazi cha kuonja, tumbo linafura kama ngoma, choo inakuwa makao yangu, na siku mbili nzima sina nguvu hata ya kukanyaga cherehani. Kabla daktari mmoja wa Thika hajajua ni nini, nilikuwa nimetibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Shangazi yangu wa Bungoma yeye alikuwa ameshaamua ni jirani ameniroga. (Jirani wa watu, maskini, hata hakuwa na habari.)

Sasa hebu fikiria, Mkenya asiyekula chapati. Ukisema hivyo watu wanakuangalia kama umekana Mungu. Mimi nimezoea. Kwa harusi za watu nabeba viazi vitamu kwa mkoba. Kwa hoteli namhoji mpishi: hizo chipsi umezikaanga kwa mafuta ya mandazi ama? Nimeambiwa "onja kidogo tu, hutakufa" mpaka masikio yamechoka.

Leo ilikuwa siku ya kupelekwa kwao Muchiri. Muchiri ni mchumba wangu, kwao ni Gatuanyaga, na mamake alikuwa hajawahi kuniona kwa macho. Na huyo mama ndiye mwenye neno la mwisho kwa hiyo boma. Muchiri aliniambia wazi kwamba babake atakubali chochote, lakini mamake akikataa, basi. Tena ni mama aliyewahi kusema, mbele ya watu, kwamba msichana anayechagua chakula atakuja kuchagua na jamaa za mume. Mnaona mtego? Kwa hivyo wiki nzima nilimwimbia Muchiri wimbo mmoja: mwambie mamako mapema kuhusu ngano. Akasema sawa, nitamwambia. Mimi nikatulia, mjinga mimi.

Nikajipanga kama mtu mwenye adabu. Nikatia kwa kiondo sukari, majani ya chai, mchele, mafuta ya kupikia, na mikate miwili. Ndiyo, mikate. Utaenda kwa watu bila mkate, wakuone namna gani? Nikaifunga gazeti juu ya gazeti, nikaibeba kwa ncha za vidole. (Mwenye duka aliniuliza kama nimekosana nayo.)

Pikipiki ikatushusha getini, vumbi imeniingia hadi kwa kope. Muchiri akasimama, akaanza kujikuna shingo. Nikajua. Mwanaume akijikuna shingo hivyo, kuna jambo. Kumbe hajamwambia mamake! Eti alipiga simu akamkuta akiimba, amenunua unga, anasema mgeni wake atakula chapati ambazo hajawahi kula tangu azaliwe. Eti akakosa moyo wa kumkatiza. Nilitaka kurudi na pikipiki hiyo hiyo, lakini ilikuwa imeshakata kona.

Mama Muchiri alinipokea kwa mikono miwili. Mama mrefu, sauti ya kwaya, anakukumbatia mpaka unasikia mbavu zikihesabika. Nikampenda papo hapo, na hiyo ndiyo ilifanya mambo yawe magumu zaidi. Ningekuwa nimempata mkali, ningesema ukweli na liwe liwalo. Lakini utamwambia nini mtu anayekuita "mami" kabla hujakaa?

Tata Njeri, dadake babake Muchiri, akachukua kiondo changu akaenda nacho jikoni, akatoa vitu, akakirudisha kitupu kando ya miguu yangu. Hapo ndipo nilikosea hesabu. Kwetu Bungoma mgeni akiondoka anafungiwa kuku miguu anapewa mkononi. Kikapu chake kikishatolewa vitu hakuna mtu ana haja nacho tena. Nikajua kiondo kimestaafu.

Chakula kikaja. Wali, kuku wa kienyeji, na chapati. Si chapati za kujipakulia, hapana, hizo ningezikwepa. Mama alinipangia zangu kwa sahani ya peke yake, nene, laini, zinang'aa, akaziweka mbele yangu akatangaza ni za mgeni na Muchiri asiziguse. Muchiri, kwa kutaka kuniokoa, akanyoosha mkono. Tata Njeri akauchapa ukarudi mahali pake.

Basi nikaanza ujanja. Nikausifu mchuzi wa kuku kwanza, ndio niulize umetiwa nini ndani. Nyanya, kitunguu na dania, nikaambiwa. Nikashukuru Mungu, nikala wali na kuku kama mtu ametumwa. Mama akiniuliza mbona sigusi chapati, namwambia naziwekea nafasi, tamu huja mwisho. (Hapo ndipo ningesema ukweli. Hapo tu.)

Halafu Baba Muchiri akasema twendeni tuone ndama aliyezaliwa juzi. Wote wakainuka. Mimi nikabaki nyuma kidogo, eti nafunga kiatu. (Nilikuwa nimevaa viatu vya kuchopeka, havina kamba.) Nikabaki na chapati zangu, ana kwa ana.

Dirishani kuna wavu. Mbwa amefuata watu kwa ndama. Mkoba wangu, wenye tishu, umewekwa chumba cha ndani pamoja na sweta. Gazeti limeenda jikoni na mikate. Nasikia sauti zinaanza kurudi. Hapo mkono wangu, bila kuniuliza, ukavuta kitambaa kilichokuwa juu ya mkono wa kiti, ukafunga chapati zote, ukazisukuma ndani ya kiondo. Nikatoka mbio hadi kwa mfereji. Nikanawa na sabuni, nikanawa tena, nikasugua mpaka kwa kiwiko. Tata Njeri akanikuta hapo akamwambia Mama kwamba huyu msichana ni msafi ajabu.

Mama aliporudi akaona sahani tupu, uso ukamchanua. Akanishika bega. Wacheni niwaambie ukweli: nilijisikia vibaya sana. Mtu ameamka mapema kukanda unga kwa ajili yako, na upendo wake umeufungia kwa kiondo kama bangi.

Tukapiga stori, tukanywa chai. Nikaona nimeshinda. Baba Muchiri akatuombea safari. Tukasema amina. Nikainama nichukue kiondo, ndipo Mama akasema:

"Lete kiondo kijazwe."

Nikasema hapana, asanteni, mmefanya mengi. Wakacheka. Tata Njeri akanieleza vizuri, kama mtoto, kwamba huku kwao kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, na kinajazwa mbele ya watu wote ili mgeni aone mkono wa kila mtu. Alikuwa amesimama na avokado zimejaa kwa aproni. Nikasema basi nitajijazia mwenyewe. Nikashika mkanda mmoja, yeye akashika mwingine. Tukavutana kidogo, kila mtu akitabasamu. Nawaambia, Tata yule amekama ng'ombe maisha yake yote. Kiondo kikaenda.

Akatia mkono asawazishe chini. Mkono ukasimama. Ukatoka na furushi.

Mama akalitambua kabla halijafunguliwa.

"Hicho si kitambaa cha kiti changu?"

Kilikuwa chake. Amekifuma kwa mkono wake, maua ya waridi pembeni. Tata Njeri akakifungua polepole pale mezani, na chapati zikajitokeza, zote, hakuna iliyong'atwa. Baba Muchiri akavaa miwani yake ili aone vizuri. Muchiri alikuwa anachunguza dari. Na mimi nimesimama katikati ya watu ninaotaka wanioze kijana wao, nimeshikwa na chapati za wizi ndani ya kitambaa cha wizi. Fundi wa nguo mzima!

Halafu jambo la ajabu likatokea. Mama akaanza kucheka. Akacheka akashika kiuno. Akasema kumbe zimenikolea hivyo, mpaka nikaona nibebe za nyumbani, na mbona sikusema tu nifungiwe vizuri? Tata Njeri naye akacheka, akasema mtu anayeiba chakula chako ndiye anayekipenda. Wakaanza kuniongezea nyingine. Nikaonekana mlafi, lakini mlafi anayependwa. Na nawaapia, nilitaka kunyamaza. Ningebaki mwizi wa chapati maisha yangu yote na tungeishi kwa raha.

Lakini Mama akakata kipande cha chapati moto, akanikaribia, akakileta mdomoni kwangu kwa mkono wake. Anataka kunilisha, mbele ya wote. Watu wameshikilia pumzi kwa furaha. Kipande kiko hapa, mdomo uko hapa. Mdomo ukakataa kufunguka.

"Mama, siwezi," nikasema. "Ngano inanifanya mgonjwa. Niliogopa utaniona nachagua chakula."

Na machozi yakanitoka, ya kweli, sikuyaita. Nikaeleza yote, daktari, tumbo, mikate niliyobeba kwa ncha za vidole. Mama mkono bado uko hewani na kile kipande. Akauliza swali moja tu, pole pole, kama Muchiri alikuwa anajua. Nikasema anajua tangu tuonane.

Woi, mngeona vile watu wote waligeuka. Muchiri alikuwa ameshachukua chapati moja kutoka kwa furushi na iko nusu mdomoni.

"Wewe Muchiri," Mama akasema, "ungeniacha niue mtoto kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe umekaa hapo unatafuna?"

Muchiri akajaribu kujibu, chapati ikamkwama, akakohoa. Baba Muchiri ndiye alianza kucheka safari hii, cheko la tumbo, miwani ikaanguka. Kisha nyumba nzima. Na mimi pia, huku kamasi zinanitoka. Sijawahi kucheka na kuaibika kwa wakati mmoja namna hiyo.

Tukakaa tena chini. Tata Njeri akanihoji: ugali nakula? Nakula. Mukimo? Nakula. Githeri je? Hata sufuria nzima. Akafikiria, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza:

"Na keki ya harusi tutafanyaje?"

Hakuna mtu alikuwa ametaja harusi. Muchiri akaacha kukohoa. Mimi nikaangalia sakafu, moyo unapiga kama cherehani. Mama hata hakufikiria. Akasema keki itapikwa ya unga wa mchele, wasioitaka wakale chapati.

Hivyo tu. Kama mtu anayepanga chakula cha jioni. Nilitaka kuruka, nikajizuia kwa sababu nilikuwa nimeshafanya ya kutosha kwa siku moja.

Kiondo kikakung'utwa nje kwanza, mara tatu, kisha kikajazwa: avokado, muhogo, mbaazi, ndizi, na viazi vitamu vya Tata Njeri ambavyo alivipanguza kimoja kimoja na kuuliza kama havina ngano. Mama akanisindikiza hadi getini amenishika mkono. Akaniambia nikirudi nitapata muhogo wa nazi, na sufuria yangu peke yangu ambayo haitaguswa na ngano. Halafu akaongeza kwamba nisijali, vitambaa vya viti vitakuwa vimefungiwa kabatini.

Kwa hivyo nawaomba kitu kimoja. Mtu akiwauliza mke wa Muchiri ni yupi, mwambieni ni yule wa siliaki, na hilo jina refusheni liwe gumu kabisa, mpaka asahau kuuliza habari ya kitambaa.