Ua Mpya wa Idara ya Vizimba na Mandhari

Nina heshima kuwatangazia wananchi wa Mtwara kwamba ua wa michongoma ulio mbele ya Idara ya Vizimba na Mandhari, hapa Rahaleo, umechongwa kwa mashine ya umeme, na hakuna kidole kilichopotea. Mashine niliishika mimi, Afisa Mandhari Daraja la Chini. Nilikuwa mgeni kazini, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba ua ukinyooka na nchi itanyooka.

Usalama ulizingatiwa. Kamati ya Usalama wa Mashine ilikaa, ikanywa chai, ikaazimia kwamba miwani ya kinga, kwa kuwa iko moja, ivaliwe na Mkuu wa Idara, Bwana Goodluck, maana macho yake ndiyo yanayosoma majalada. Mimi nikaazima helmeti ya bodaboda yenye kioo. Nikavaa glovu, nikakagua kama kuna waya au kiota ndani ya majani, nikaupitisha waya wa umeme begani ubaki nyuma yangu.

Siku hiyo Mkuu alikuwa safarini. Wasiojua utumishi watashangaa nikisema safari yenyewe ilikuwa nyuma ya ua huohuo, kwenye kiti cha plastiki, pamoja na sahani ya korosho. Kiutumishi, safari haipimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa kutoonekana.

Upande wa pili wa ua, kwenye benchi, wananchi walisubiri. Wa kwanza alikuwa Bi Somoe wa Mikindani, muuza pweza mkavu. Alitaka saini ya Mkuu ili apewe kizimba, yaani meza ya kuuzia, kule kivukoni Kilambo. Asipoipata kabla ofisi haijafungwa, meza inakwenda kwa mwingine.

"Mama, Mkuu kasafiri," alisema Modesta, katibu muhtasi wetu.

"Juzi kasafiri, jana kasafiri. Mkuu wenu kondakta?"

"Ana majukumu, mama."

"Na mimi nina pweza, mwanangu."

Roho iliniuma. Nikaona msaada pekee ninaoweza kumpa ni kuumaliza ua haraka, Mkuu akose cha kusimamia, arejee mapema kutoka safarini. Nikawasha mashine, nikaanza kama nilivyofundishwa chuoni: chini pana, juu pembamba.

Mkuu akanipungia mkono kupitia majani. Nikazima, nikasogea.

"Shepu gani hiyo?" alinong'ona, miwani ya kinga usoni.

"Ya kitaalamu, Mkuu. Inasaidia majani ya chini nayo yapate mwanga."

"Ya chini yapate mwanga wa nini? Umeona wapi utaratibu huo serikalini? Juu pawe pana. Chini bana."

Agizo ni agizo. Nikabana. Kwa kelele za mashine, Mkuu alilazimika kupaza sauti: "Bana tena!" Nikabana tena. Yeye alikuwa akitazama juu tu, akifurahia upana, huku chini majani yakiisha na kubaki vijiti.

Ndipo kijiti kikanasa kwenye meno ya mashine. Kanuni ziko wazi: kabla hujakigusa, zima, kisha chomoa waya. Nikazima, nikachomoa. Kukawa kimya.

"Bana tena!" ilinguruma sauti ya Mkuu, ikasikika mpaka barabarani.

Bi Somoe akainuka benchini. Akachutama, akachungulia. Kati ya vijiti kulikuwa na miguu miwili ndani ya soksi, imenyooshwa vizuri.

"Mkuu," aliita, "za safari?"

Salamu ni salamu, na Mkuu ni mtu mwenye malezi.

"Njema," ulisema ua.

Kisha ile miguu ikaanza kupanda taratibu kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine.

"Miguu pandisha tu, baba," alisema Bi Somoe, akipenyeza karatasi yake chini ya michongoma, huku benchi zima likipiga magoti nyuma yake. "Sisi tunataka mkono."

Mkono ukatokea, umeshika kalamu.