Mchambuzi wa Karanga wa Taifa

Napenda kuutangazia umma kwamba nchini Marekani hakuna mtu asiyeweza kufanya kazi. Wapo tu watu ambao mimi, Gerald Prochnow, mtaalamu wa ajira ninayetoa ushahidi kwa Idara ya Mafao, bado sijawatafutia kazi inayowafaa.

Mfano ni Bi. Darlene Kucera, wa hapa hapa Nebraska. Alikata nyama ya ng'ombe kiwandani mpaka vidole vikajikunja na mgongo ukagoma. Akaomba posho ya ulemavu, maana bila hiyo nyumba ingemponyoka. Nilifungua Kitabu cha Ajira, kilichoandikwa zama za telegramu na kwa hiyo kimekomaa, nikathibitisha kwamba anaweza kuchambua karanga akiwa amekaa. Kazi hizo ziko maelfu nchini. Ombi likatupwa.

"Bwana mtaalamu," alinidaka mlangoni, "hizo karanga ziko wapi? Nipe anwani, Jumatatu naanza."

"Anwani si fani yangu, mama."

Mbishi huyo! Akatafuta wakili, akakata rufaa hadi mahakama ya shirikisho. Nilivaa tai mpya nikaenda kumwona akishindwa.

Jaji alimkazia macho wakili wa serikali. "Wachambuzi wa karanga ni maelfu, umesema?"

"Maelfu, Mheshimiwa."

"Haya, nitajie mmoja."

Wakili akapekua faili, akakohoa, akaomba maji. Nyuma yake Darlene alicheka hadi fimbo yake ya kutembelea ikamponyoka mkononi. Jaji akaubatilisha uamuzi wetu na kuamuru alipwe posho yake yote.

Idara haikukata tamaa. Ili siku nyingine jibu liwepo, iliunda cheo cha Mchambuzi wa Karanga, ikanikabidhi mimi kwa heshima zote, pamoja na kiti na meza katika chumba cha chini ya ardhi. Karanga nzuri kushoto, mbovu kulia. Jioni zinachanganywa upya, kwa kuwa bajeti ni ya gunia moja.

Majira ya baridi yalipoisha, vidole vyangu navyo vilikuwa vimejikunja. Nikaomba posho ya ulemavu. Nilijibiwa upesi: mwombaji anaweza kuchambua karanga, na ushahidi kwamba kazi hiyo ipo ni mwombaji mwenyewe.

Nilipandwa na hasira, nikampigia Darlene simu.

"Mama, nakuomba sana, nipe namba ya yule wakili wako."

Alicheka mpaka akapaliwa.

"Nitakupa, bwana mtaalamu. Ila kwanza nipe ile anwani."