Asante Yenye Unene

Jumanne, 23 Septemba 2025
Jumapili Mama Alphonsine anatimiza miaka sabini. Ishirini na mitatu kati ya hiyo nimeishi nyumbani kwake, tangu nilipofika kutoka Mambasa, mji wa msituni, na vitabu viwili na kiatu kimoja. Hajaniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Nami sijamwambia asante; kila nikijaribu, nashika ufagio. Basi nitaichora: ASANTE, kwa penseli, herufi nene zinazoonekana kusimama juu ya karatasi. Ruphin, mpangaji mwenzangu, ataleta samaki. Samaki huliwa, huisha.

Jumatano
Kanuni ni rahisi: upande usiopata mwanga hutiwa giza. Nimechonga A ya sabuni na kuisimamisha uani asubuhi, niichore pamoja na kivuli chake. Imetoka vizuri. Nikaingia kuchonga S. Nilipotoka, A haipo. Safi, binti wa Mama, alikuwa anafulia nayo.
“Papa Issa, sabuni yako iko na povu muzuri, lakini pembe zake ziko zinaumiza mukono.”

Alhamisi
S na A ya pili, asubuhi. N, saa sita: jua utosini, kivuli hakuna. Nimeichora bila kivuli. Sichori uongo. T na E, alasiri. Kivuli kimehamia upande wa pili, nami nimekihamisha.

Jumamosi
Ruphin amechungulia. Ameuliza ni nchi gani yenye majua matatu. Nimemshauri abaki na nyavu zake. Alipoondoka nimejaribu kufuta kwa kipande cha kandambili. N sasa ni wingu.

Jumapili
Samaki wa Ruphin alibebwa na watu wawili. Nilitoa karatasi yangu. Mama aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaigusa N, akauliza kama hapo mvua inanyesha. Halafu:
“Papa Issa, neno mudogo hivi, kinywa yako iko inaogopa nini?”
Nikajibu kwamba asante ya kinywa haina unene. Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Alishika mkono wangu, mweusi kwa penseli, akasema asante hiyo anaisikia kila asubuhi ninapofagia uwanja wake. Ila angependa kuisikia kwa sauti, mara moja tu, akiwa bado na masikio.
Akanipa kichwa cha samaki. Ruphin aliona.

Jumatatu, 29 Septemba
Nimeyatafakari maneno ya Mama. Ana haki. Nimeyaelewa kabisa: karatasi ilikuwa ndogo. Ukuta wa mbele una mita sita, umepakwa chokaa juzi. Nimeazima ngazi ya Ruphin na gunia la makaa. A nitaianza asubuhi, kisha nitafuatana na jua.