Masikio ya Meja na Sufi ya Bibi

Jumatatu, 2 Mei 1938

Masalale! Mimi Zahoro bin Mfaume, wa hapa hapa Kisarawe, nimepata kazi ya serikali. Karibu ya serikali. Bwana Misitu, yule Mzungu anayehesabu miti asiyoipanda, anakwenda safari ya siku kumi upande wa Kibaha, huko Mbwawa na Pangani. Mpishi anamchukua. Mbwa wake Meja anamwacha, na mchungaji wa Meja ni mimi.

Masikio ya mbwa huyu! Sijapata kuona. Yananing'inia kama mikoba miwili. Akinywa maji, masikio yanakunywa naye. Bwana kaniambia kila jioni, na kila akinyeshewa, niyafute kwa pamba yakauke kabisa, nisiingize kitu ndani. Yakikaa na maji yanaoza. Kanipa bunda zima la pamba. Na Meja ana taulo lake! Mimi nyumbani najifutia upepo.

Kofia ya kaki nimekwisha pewa. Masikio yakiwa mazima Bwana akirudi, kazi ni yangu moja kwa moja. Yakioza, Mjomba Mwinyimadi kaapa kunipeleka Dutumi kuamia mpunga. Kutwa kupigia ndege kelele! Mimi niliyefika darasa la tatu!

Abeid, dobi wa Bwana, kacheka mpaka kaketi juu ya ndoo. Kauliza kama huko shuleni walinifundisha kuosha masikio ya mbwa au yangu tu. Wivu huo.

Jumanne, 3 Mei

Bibi yangu, Bibi Mwanamkuu, kasema kazi nifanye, lakini nikimgusa mbwa akiwa majimaji nisikanyage kwake mpaka nioshe mahali palipoguswa mara saba, moja kwa udongo. Kavu kwa kavu hakuna neno. Haya, fikiri. Nimeajiriwa kumkausha mbwa, na sharti nimguse akiwa amekwisha kauka!

Akili ni nywele. Mvua ilipomlowesha nikafunga pamba kwenye upawa wa mpishi, nikamfuta kwa mbali kama mtu anayepakua mchuzi unaochemka. Masikio yakawa makavu kama ng'onda. Abeid katazama, kasema anamwonea huruma atakayekula mchuzi wa upawa ule.

Alasiri kapita Mwanaasha, binti wa fundi cherehani. Kasema, "Zahoro, siku hizi bwana mkubwa, hata salamu hutoi." Mimi! Nikasalimu mara mbili. Kasema mama yake hana tambi za taa, na maulidi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nikamwambia kwangu mimi pamba si kitu. Nilitaka kumpa kipande. Mkono ukakataa kukata. Nikampa bunda zima. Kashtuka! Kasema nina moyo mpana. Ningekuwa na bunda la pili, ningempa.

Jumatano, 4 Mei

Nimeamka na mshtuko wangu mwenyewe. Pamba sina! Na mvua ile pale!

Nikatazama juu, nikatazama chini, nikatazama mto wa Bibi. Umejaa sufi ya mti wa msufi. Nyeupe, laini, safi. Pamba ina nini zaidi? Nikafumua mshono wa pembeni, nikachota, nikashona. Halafu likanijia wazo kubwa kuliko mimi. Kwa nini nifute kila siku? Nyumba ikizibwa mlango, mvua itaingia wapi? Meja alikuwa mkavu kwa nje, nikamziba masikio yote mawili, nikayafunga juu ya kichwa kwa utepe wa kanga. Kavu kwa kavu!

Abeid kumwona tu kauliza posa ipelekwe kwa nani.

Meja kashinda mtaroni anaogelea na utepe wake. Jioni nikaigusa sufi kwa ncha ya kidole. Kavu! Bwana Misitu hajui kaajiri mtu wa namna gani.

Ijumaa, 6 Mei

Meja hasikii. Nimemwita mara kumi. Nimepiga debe nyuma yake, yeye anatazama kipepeo. Utepe kaula. Anakuna masikio, anatikisa kichwa, analia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini sufi kila nikiigusa ni kavu, kwa hiyo kosa si langu.

Na ile harufu! Lahaula! Abeid kasema panya kafia nyuma ya pipa. Katafuta. Nikamsaidia kutafuta, nami najua. Tukahamisha kuni zote. Kanishukuru.

Nimeongeza sufi kuizuia harufu.

Jumamosi, 7 Mei

Siku ya kuomba ardhi ipasuke.

Abeid alikuwa amekusanya kanzu za mtaa mzima kwa ajili ya maulidi, kazifua uani kwa Bwana, kwa sabuni ya Bwana. Kanzu kumi na tatu kambani, na ya Imamu katikati, nyeupe hata macho yanauma. Jua limetoka mara ya kwanza wiki nzima. Meja naye kakata kamba yake, kaja mbio, kasimama katikati ya kanzu. Nikaita, "Meja!" Nikapiga mluzi. Hasikii, mimi mwenyewe nimemziba! Kainamisha kichwa, kayatikisa masikio yote mawili.

Yarabi! Maji ya kahawia yakaruka kushoto na kulia, vipande vya sufi nyuma yake. Kanzu zote kumi na tatu! Abeid kapiga ukelele kama kaumwa na siafu mahali pasipotajika. Watu wakajaa. Mjomba Mwinyimadi naye yumo, kafuata kanzu yake. Hakunigombeza. Kauliza tu kama sauti yangu ni nzima, maana ndege wa Dutumi mwaka huu ni wengi.

Imamu kaamua. Kila kanzu maji mara saba, moja kwa udongo. Mwoshaji ni mimi. Kumi na tatu mara saba! Hesabu hiyo iko darasa la nne, ndiyo maana sikuendelea.

Jumapili, 8 Mei

Nimefua mpaka vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Na sasa naambiwa udongo ulitakiwa mwanzoni! Mimi niliuweka mwisho, kama mtu anavyoweka sukari. Udongo wa Kisarawe mwekundu. Kanzu zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Abeid kaiinua ya Imamu juani, kaishusha taratibu. Bora angenitukana.

Bibi kaja kuona aibu kwa macho yake. Kamkuta Meja kalala anaguna, pembe ya sufi inachungulia sikioni. Kaivuta. Ikatoka, ikatoka, haiishi. Kauliza, "Zahoro, sufi hii ya wapi?"

Nikasema huenda ni ya miti ya Bwana Misitu.

Kasema, "Ahaa. Tangu Jumatano mto wangu umekonda, nikadhani kichwa changu ndicho kilichonenepa."

Kisha kaniambia nichukue sufi safi niitumbukize ndooni. Nikaitumbukiza. Ikaelea. Nikaikandamiza, ikaibuka. Kavu! Nimeshtuka kuliko jana. Bibi kasema hata mtoto anayenyonya anajua kwamba sufi hainywi maji. Maji yalikuwa ndani ya sikio tangu siku ya kwanza, sufi imeyafungia mlango, nami kila jioni nagusa mlango na kusema nyumba kavu.

Halafu Bibi, Bibi mwenyewe, mwenye udhu wake, kakunja mikono ya gauni kamshika Meja! Majimaji vile vile! Kachovya kitambaa cha kanga kuukuu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kakikamua, kafuta pale jicho linapofika tu. Kisha kakausha kwa kitambaa kingine. Kayainua masikio yapate upepo. Meja kamwekea kidevu gotini.

Nikauliza, na ile mara saba?

Kasema, "Najisi ina maji yake na udongo wake. Dhambi ya kumtesa kiumbe utaiosha kwa nini, mjukuu wangu?"

Kaniambia nimmwagie maji anawe. Udongo kwanza, kasema, na kanitazama.

Alhamisi, 12 Mei

Bwana Misitu karudi! Siku nne Bibi kamfuta Meja asubuhi na jioni, mimi nikishika bakuli. Bwana kainua sikio. Kanusa! Mzungu kaingiza pua katika sikio la mbwa! Moyo wangu ukakimbilia Dutumi peke yake.

Kasema yana wekundu kidogo, lakini ni makavu na safi. Kauliza kama kuna lililotokea. Nikamtazama Abeid. Abeid kaitazama sabuni ya Bwana, imebaki kipande kama ukucha. Kasema hakuna lililotokea, Bwana. Mungu ni mkubwa.

Kazi ni yangu! Nimepewa bunda jipya la pamba. Nikamweleza Bwana mbinu zangu, akaitikia kwa kichwa. Bibi sikumtaja, hapendi sifa.

Maulidi yamesomwa. Wanaume kumi na tatu mstari wa mbele, kanzu rangi ya chai ya maziwa, na Imamu mwekundu kuliko wote. Wageni wa Mlandizi wakauliza kama ni mtindo mpya wa Kisarawe. Mjomba Mwinyimadi kasema ndiyo. Alikuwa ameshika kichwa.

Baada ya halua kaja Mwanaasha. Kasema tambi zile zimewaka vizuri, mpaka mama yake mdogo wa Mlandizi anazitamani. Safari hii nimekuwa na akili, nimekata. Nimempa nusu.

Alipocheka nikampa na nusu ya pili.

Si neno. Mto wa Bibi umeshonwa kwa uzi wa katani, haufumuki. Na sufi sasa najua kosa lake lilikuwa wapi: niliweka kidogo. Mawingu yanakusanyika. Meja kakaa mlangoni, ananitazama, masikio yananing'inia.

Mjomba Mwinyimadi naye analalia mto. Mnene.